Kiuno Kikiuma: Ya Kuogopa na Yasiyo ya Kuogopa

Katika nchi ya wakulima kama hii yetu ya Mbozi, hapana nyumba isiyoyajua maneno haya: "Kiuno chaniuma." Mama huyasema atokapo kuchota maji, baba huyasema jioni ya siku ya kupalilia, na sisi wanafunzi huyasema Jumamosi baada ya kufyeka nyasi za uwanja. Lakini ijapokuwa maumivu haya twayajua sana kwa kuyasikia, wengi wetu hatuyajui kwa kuyaelewa. Na asiyeyaelewa hukosea kwa njia mbili. Ama huogopa pasipo na hatari, akalala kitandani hata mwili ukadhoofika. Ama hudharau palipo na hatari, akachelewa kwenda hospitali. Makosa yote mawili nimeyaona kijijini kwetu, nami nitayaeleza hapa chini.

Kwanza tujue kwamba jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu 13. Basi si ugonjwa wa wazee tu, wala wa wakulima tu, wala si dalili ya uvivu kama wengine wanavyodhani. Nawaomba wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu mnifuate polepole, tuanze na umbo la mgongo wenyewe.

Mgongo umejengwaje?

Uti wa mgongo ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili. Neno hili twalitumia hata kwa muwa, na kweli mgongo wafanana na muwa kwa kuwa umegawanyika vipande vipande. Tofauti yake ni kwamba muwa ukipindwa huvunjika, lakini mgongo umeumbwa upindwe. Mtoto mchanga ana pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu zimeshikamana nazo, 5 za kiuno, na 9 za chini kabisa, ambazo mtu akikua huungana na kufanya mfupa wa nyuma ya nyonga pamoja na kifandugu.

Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini katikati, ambacho kazi yake ni kupokea uzito na kuuacha mgongo upinde. Nyuma ya pingili mna tundu, na ndani ya tundu hilo hupita mishipa ya fahamu itokayo ubongoni. Matawi yake hutokeza kati ya pingili yakashuka mpaka nyayoni. Kisha safu nzima hushikwa na kano na misuli yenye nguvu, kama nguzo ya hema inavyoshikwa na kamba. Pingili 5 za kiuno ndizo kubwa kuliko nyingine, maana ndizo zinazobeba kichwa, mikono, kifua, na mzigo wowote ulioko juu yake. Si ajabu basi kwamba mahali hapo ndipo panapolalamika zaidi.

Kwa nini kiuno huuma?

Hapa wengi watashangaa. Katika kila watu 10 wenye maumivu ya kiuno, kwa watu 9 hivi daktari hawezi kuonyesha mfupa mmoja au kisahani kimoja na kusema, "Ugonjwa uko hapa." Hii haina maana kwamba maumivu ni ya uongo. Maumivu ni ya kweli, lakini hutokana na mambo kadha wa kadha yaliyochanganyika: misuli na kano zilizochoshwa kwa kazi zisizoizoea, kukaa au kuinama namna moja kwa saa nyingi, udhaifu wa misuli, kukosa usingizi, hata na wasiwasi. Mtu mwenye hofu kubwa moyoni hukaza misuli bila kujua, na ubongo wake huyasikia maumivu kwa sauti kubwa zaidi. Sisi wa Kidato cha Nne tunaokaribia mtihani wa taifa twapaswa kulikumbuka neno hili.

Watu wengi husema, "Pingili yangu imehama." Pingili haihami kwa kuinua ndoo. Imefungwa kwa kano na misuli kiasi kwamba huhitaji ajali kubwa, kama kuanguka kutoka juu ya mti au kugongwa na gari, ili iondoke mahali pake. Wengine hupigwa picha kwa mashine, wakaambiwa kisahani kimetokeza, wakarudi nyumbani kama waliohukumiwa kifo. Lakini mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba walipiga picha migongo ya watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walionekana na kisahani kilichotokeza angalau mahali pamoja. Watu hao walikuwa wakitembea na kufanya kazi zao kama kawaida. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumwambia mtu kwamba mgongo wake umeharibika.

Wako pia wasemao kwamba kila kiuno kiumacho ni ngiri, au ni figo, na siku hizi wengi hukimbilia duka la dawa kununua dawa za U.T.I. Ni kweli kwamba ugonjwa wa figo au wa njia ya mkojo huweza kuumiza mgongo, lakini aghalabu huja pamoja na homa, au mkojo unaochoma, na hujulikana kwa kupimwa mkojo. Kunywa dawa za kuua vijidudu bila kupimwa ni kutupa fedha, tena ni kuvifundisha vijidudu kuishinda dawa siku itakapohitajika kweli.

Kosa la kwanza: kulala sana

Baba yangu ni mkulima wa mahindi na kahawa. Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipoanguka, aliinua mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka chini, na papo hapo kiuno chake kikakaza asiweze kusimama wima. Jirani mmoja akamwambia pingili imehama, na dawa yake ni kulala chali bila kutikisika mpaka irudi. Baba akalala. Juma la kwanza likapita, na la pili, hata yakatimia majuma sita. Kila alipojaribu kuamka aliumwa zaidi, akaona kwamba kweli mgongo umevunjika, akalala tena. Mama na sisi watoto tulipanda peke yetu, tena kwa kuchelewa, na mwaka uliofuata tulinunua mahindi mwezi wa pili, jambo ambalo ni aibu na hasara kwa nyumba ya mkulima wa Mbozi.

Mwisho wake tabibu mmoja alimpima. Akamgonga magoti, akamwambia asimame kwa vidole na kwa visigino, akampapasa mgongo wote. Kisha akasema, "Mzee, mgongo wako ni mzima. Uliumia kidogo, ukapona, lakini sasa misuli imelegea kwa kulala. Dawa yako ni kutembea." Siku ya kwanza baba alitembea mpaka kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba. Baada ya juma moja alifika barabarani, na kabla ya mwezi wa pili kwisha alishika jembe.

Maneno ya tabibu yule yanakubaliana na uchunguzi wa wataalamu. Mwaka 1995 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Helsinki, mji mkuu wa Finland, juu ya wafanyakazi walioshikwa ghafula na maumivu ya kiuno. Waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walilazwa kitandani siku mbili, wa pili walipewa mazoezi maalum, na wa tatu waliambiwa waendelee na shughuli zao za kila siku kadiri maumivu yatakavyowaruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni wale wa kundi la tatu. Angalieni, wale wa kwanza walilala siku mbili tu, na hata hizo hazikuwasaidia. Sembuse majuma sita!

Yafaayo kufanywa kiuno kikiuma

Mtu akishikwa na maumivu ya kawaida, na afanye hivi:

Kwanza, atulize moyo. Maumivu mengi ya namna hii hupungua sana katika siku chache au majuma machache.

Pili, apumzike kidogo akizidiwa, lakini kwa saa, si kwa majuma. Akilala, alale kwa ubavu na kuweka nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, au alale chali na kuweka mto chini ya magoti. Kisha aamke atembee, japo ni kuzunguka nyumba, na kila siku aongeze hatua.

Tatu, akande mahali paumapo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, akiangalia asijiunguze.

Nne, awe na busara katika dawa. Vidonge vya paracetamol ambavyo wengi huvikimbilia vilijaribiwa Australia kwa watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba havikuwaponya upesi kuliko vidonge vya bandia visivyo na dawa. Dawa kali zaidi kama diclofenac na ibuprofen huweza kusaidia, lakini zikitumiwa ovyo hudhuru tumbo na figo, hasa kwa wazee. Kwa hiyo zitumiwe kwa ushauri wa daktari au tabibu. Kuchomwa sindano dukani kila kiuno kinapouma ni hatari tupu.

Tano, kwa yule ambaye maumivu yamekaa zaidi ya miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa Desemba 2023. Linasema afundishwe kuuelewa mgongo wake, na apewe mazoezi yamfaayo. Mikanda ya kufunga kiunoni, ambayo huuzwa hata minadani kwa bei kubwa, mwongozo huo haukuipendekeza.

Mazoezi yenyewe si ya kutisha, wala hayahitaji chombo. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, uvute goti moja kuelekea kifuani kwa mikono miwili, hesabu mpaka 10, kisha badilisha mguu. Tena ukiwa umelala hivyo, nyayo zikiwa chini, inua nyonga juu kama daraja, hesabu mpaka 5, shusha polepole. Rudia mara 10. Tena piga magoti na mikono chini kama mnyama wa miguu minne, tunisha mgongo juu kama paka aliyekasirika, kisha ulegeze. Zoezi likizidisha maumivu sana, liache ujaribu jingine. Na zoezi kubwa kuliko yote ni kutembea. Mwaka 2024 wataalamu wa Australia walitangaza habari za watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kutembea kidogo kidogo, mpaka wakafika dakika 30 mara tano kwa juma, walikaa karibu siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiofundishwa walikaa siku 112 tu. Dawa hii haiuzwi dukani, na njia za Mbozi zapanda na kushuka bure bila malipo.

Kosa la pili: kudharau

Sasa nigeukie upande wa pili, maana haitakuwa haki kuwaambia watu wasiogope kitu chochote. Kijijini kwetu alikuwako kijana mmoja mwenye nguvu, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye malori. Alianza kulalamika mgongo. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya kubeba, kila mtu alisema ni uchovu. Lakini maumivu yake hayakuwa kama ya uchovu. Yalimsumbua usiku hata akiwa amelala, alitoka jasho jingi, nguo zikamlegea kwa kukonda. Wenzake walimcheka kwamba anakwepa kazi. Ilipita nusu ya mwaka kabla hajapelekwa hospitali, na huko ikaonekana ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipewa dawa, akapona, na leo yu hai. Lakini pingili zilikuwa zimekwisha kuliwa, akabaki na kibyongo ambacho hakitaondoka.

Wengi wetu hudhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu peke yake. Sivyo. Vijidudu vyake huweza kusafiri kwa damu mpaka mifupani, na mfupa vinaoupenda zaidi ni uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 1779, hata ukaitwa kwa jina lake. Mgonjwa huweza kuwa nao bila kukohoa. Hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa hiyo umaskini usiwe sababu ya kuchelewa. Upo na ugonjwa mwingine, brusela, upatikanao kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika mimba ya ng'ombe iliyotoka. Nao pia huleta homa za kurudi-rudi na maumivu ya mgongo. Wafugaji wakumbuke kuchemsha maziwa.

Basi mwenye dalili yoyote katika hizi asingoje, wala asijaribu mazoezi niliyoyataja, bali aende hospitali:

1. Ameshindwa kukojoa, au mkojo au choo kinamtoka bila kujua, au amekufa ganzi sehemu za siri na matakoni. Huyu aende siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, maana mishipa ya fahamu imebanwa na kila saa ina thamani.

2. Mguu mmoja au yote miwili inaishiwa nguvu, au unyayo unaburuta. Naye asingoje kesho.

3. Ana homa, jasho la usiku, anakonda, au ana kikohozi cha majuma mawili au zaidi.

4. Maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali ya pikipiki au gari. Mzee, hasa mama mzee, huweza kuvunjika pingili hata kwa kujikwaa kidogo.

5. Maumivu hayapungui hata akilala, yanazidi usiku, au yanaongezeka juma kwa juma.

6. Amewahi kuugua saratani, au ana upungufu wa kinga mwilini.

7. Ni mtoto mdogo, na mgongo wake unauma siku nyingi. Watoto hawana desturi ya kuumwa mgongo bila sababu.

Maumivu yashukayo mguuni mpaka chini ya goti, kama moto au umeme, aghalabu hutokana na kisahani kinachogusa mshipa wa fahamu. Mengi ya namna hiyo nayo hupona bila kisu, lakini ni vema daktari ayaangalie.

Namna ya kubeba na kufanya kazi

Katika shule ya msingi tulijifunza nyenzo: egemeo, jitihada na mzigo. Wengi waliyakariri maneno hayo wakadhani ni ya mtaimbo na toroli tu. Kumbe kila mmoja wetu ana nyenzo mgongoni. Egemeo ni pingili za kiuno. Mzigo ni kile ulichokishika mikononi. Jitihada hutolewa na misuli ya nyuma ya mgongo, nayo iko karibu mno na egemeo, kama sentimeta 5 tu.

Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Uzito wake ni kilo 20, yaani nguvu ya nyutoni 200. Ukiinyoshea mikono ikawa mbali na mgongo sentimeta 50, zidisha 200 kwa 50, upate 10,000. Gawanya kwa 5, nayo misuli yahitaji nyutoni 2,000. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 200, magunia mawili ya mahindi! Lakini ukiisogeza ndoo ile ile ikawa sentimeta 20 kutoka mgongoni, utapata nyutoni 800 tu. Ndoo haikupungua hata tone moja. Kilichopungua ni umbali. Nami sijahesabu uzito wa kichwa na kifua, ambao nao huongezeka ukiinama.

Hesabu hii imethibitishwa kwa kipimo. Wataalamu wa Ujerumani waliotangaza kazi yao mwaka 1999 waliweka kipimo kidogo ndani ya kisahani cha kiuno cha mtu mmoja aliyejitolea. Aliposhika kilo 20 karibu na mwili, mkandamizo ulikuwa kama mara mbili ya alipokuwa amesimama mikono mitupu. Alipoushika mzigo huo mbali na kifua, ulizidi mara tatu. Basi kanuni ni moja: mzigo uwe karibu na mwili. Sogea kwanza mpaka ulipo, tanua miguu, kunja magoti, uukumbatie, inuka kwa nguvu za mapaja, na ukitaka kugeuka geuza miguu, usisokote kiuno. Siahidi kwamba afanyaye hivi hataumwa kamwe, lakini atakuwa ameuondolea mgongo kazi isiyo ya lazima.

Juu ya kubeba kichwani, mama zetu wanastahili heshima. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza kwamba wanawake wa Kiluo wabebao kichwani, na wa Kikikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, huweza kuchukua mzigo hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye bure. Wazungu waliosoma habari hizo walistaajabu. Lakini na tupige hesabu: mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Ndoo yetu ya lita 20 imepita kiasi hicho, na mtoto wa shule ya msingi wa kilo 30 abebaye ndoo hiyo hiyo amebeba theluthi mbili za mwili wake.

Wachukuzi wa Mlowo na Tunduma wana mzigo mbaya zaidi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima wa kiume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la mahindi la kilo 100 ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa huzidi. Tumezoea kusema kwamba lumbesa humwibia mkulima, na kwa ajili hiyo imepigwa marufuku. Tuseme pia kwamba humvunja mgongo mchukuzi.

Kadhalika mpini wa jembe si jambo dogo. Katika mashamba ya California, huko Marekani, vibarua walilazimishwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi sana, wakiinama kutwa nzima. Migongo yao iliharibika, wakalalamika mpaka mahakamani, na mwaka 1975 jembe hilo lilipigwa marufuku. Mimea haikukataa kuota kwa sababu ya mpini mrefu. Mzazi anunuaye mpini, na auchague unaolingana na kimo cha mtu atakayeutumia, naye apumzike kila baada ya matuta machache, asimame wima na kujinyosha.

Na asiyebeba kitu asijidhani yu salama. Madereva wa malori wangojao mpakani Tunduma hukaa juu ya kiti siku nzima, tena baada ya safari ya kutikiswa njia yote. Kukaa tu bila kujongea huuchosha mgongo. Dereva ashuke alizunguke gari lake, nasi tusomapo tusimame.

Ombi kwa shule na wazazi

Kwa kuwa maneno bila matendo ni kelele, nathubutu kuleta maombi machache. Tukichota maji, ndoo iliyojaa ichukuliwe na wawili kwa mti uliopitishwa katika mkono wake, au mmoja achukue ndoo mbili nusu-nusu, kulia na kushoto. Mafagio ya chelewa yafungiwe miti mirefu, na kudeki kufanywe kwa tambara lililofungwa kwenye mpini, miti haikosekani. Katika masomo ya jioni turuhusiwe kusimama dakika moja kila nusu saa, kimya, bila mtu kuhesabiwa kuwa mtukutu. Vitanda ambavyo wavu wake umelegea kama machela viwekewe mbao. Nao michezo ya jioni wasiikimbie wanaojiona wasomi, maana misuli iliyozoezwa ndiyo kamba za hema nilizozitaja mwanzo.

Ombi la mwisho ni kubwa kuliko hayo. Mwanafunzi akisema kiuno chamuuma, asiitwe mvivu kabla hajaulizwa maswali mawili matatu: je, una homa? Je, unakonda? Je, usiku walala? Je, miguu ina nguvu? Majibu yakiwa mema, atiwe moyo, apewe kazi nyepesi, atembee, wala asilazwe bwenini kama mgonjwa mahututi. Majibu yakiwa mabaya, apelekwe hospitali siku hiyo. Maswali hayo hayahitaji mashine wala fedha. Kila kiranja, kila mwalimu na kila mzazi aweza kuyauliza, na kwayo mmoja ataokolewa na hofu ya bure, na mwingine ataokolewa na kibyongo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne
Mbozi Misheni